Mkandaji wa arobaini ya binti yangu, hapa Tanga

Siku ya kwanza alipoingia, alivua ndala mlangoni, akaitikia shikamoo zetu moja moja, kisha kabla hajauliza maji yako wapi akasema, "Nipeni kadi ya kliniki." Mtoto alikuwa na siku mbili. Binti yangu alikuwa amelala ubavu akiogopa hata kukaa, na mimi nilikuwa nimewasha jiko tangu alfajiri, maana kwa akili yangu mkandaji akija ni maji ya moto na mafuta, basi. Nikaileta kadi. Miwani yake alikuwa ameisahau kwake, akampa mtoto wa dada yangu amsomee kwa sauti: alijifungua kwa njia ya kawaida, alichanika akashonwa, presha ilikuwa hivi, damu ilikuwa hivi. Akauliza tena, "Hakupasuliwa?" Tukasema hakupasuliwa. "Na presha haikumpanda mwishoni?" Haikumpanda. Hapo ndipo akaomba ndoo mbili, beseni, na kanga kuukuu zilizofuliwa.

Naandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa nahangaika kutafuta mkandaji, kila niliyemuuliza alinijibu "yule mzuri," na mzuri kwa lipi hakuna aliyeniambia. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani. Nina miaka 51. Nyumbani tuko wanawake wa rika nne: mama yangu mzazi ana miaka 77, mimi, binti yangu wa miaka 26 ambaye huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, na binti wa marehemu dada yangu mwenye miaka 12. Huyu mama aliitwa kwa ajili ya mmoja, lakini kufika siku ya arobaini alikuwa ametuhudumia wote wanne, kila mmoja kwa lake. Jina lake silitaji, mwenyewe kaniomba. Anakaa Makorora, anakaribia miaka 70, na kazi hii alirithi kwa mama yake huko Pangani.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Alifika saa moja na nusu asubuhi. Maji yalichemshwa na mchaichai na majani ya mkaratusi, kisha yakaachwa yapoe mpaka yeye atumbukize kiwiko na akitulize humo bila kukitoa. Hakuna siku alimwagia mtu maji ya kububujika kama nilivyomwagiwa mimi mwaka niliozaa, nikaungua kiunoni mpaka leo pana baka. Kanga aliikunja mara nne, akaichovya, akaikamua mpaka isidondoke, akaiweka mgongoni kwanza. Mgongo, kiuno, nyonga, mapaja. Tumbo lilikuwa la mwisho na la muda mfupi kuliko yote. Sehemu yenye nyuzi hakuigusa. Huko alimwambia binti ajioshe mwenyewe kwa maji safi ya uvuguvugu kila anapotoka msalani, ajikaushe kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, na pedi abadilishe mara kwa mara. Hakuna jani wala unga uliowekwa ndani. Nililiuliza hilo waziwazi, naye akanijibu kuwa mwanamke ameshaumbiwa kujisafisha, kinachoingizwa kule kinaleta ugonjwa.

Mafuta yalikuwa ya nazi, tuliyopika wenyewe: nazi nane, tui zito, moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na mashata yageuke rangi ya kahawia. Nyumba nzima ilinukia. Alikuwa akimimina kijiko kimoja kwenye kiganja, anasugua viganja vikipata moto, halafu anaviweka bila kusukuma, anakaa hivyo kidogo kama anayesikiliza. Siku moja alinichukua mkono wangu akaubonyeza taratibu chini ya kitovu cha binti. Nikakuta kitu kigumu, cha mviringo, kama embe bichi limefunikwa kwa mto. "Huo ndio mji wake, mwanangu. Jana ulikuwa hapa, leo umeshuka kidole kimoja." Kila asubuhi alikuwa akipima kwa vidole namna hiyo. Baadaye nesi alinifafanulia jambo lile lile kwa mizani: mji wa mimba mara tu baada ya kujifungua una uzito wa kama kilo moja, na ukifika wiki ya sita umerudi kwenye gramu 60 hadi 100. Unarudi wenyewe. Ndiyo maana mkandaji anayekandamiza tumbo kwa nguvu kana kwamba anakanda unga wa chapati hakuna anachoharakisha, anaumiza tu. Huyu wetu alisema, "Mimi nausindikiza."

Kuna lingine lililotutisha siku zile za mwanzo. Mtoto akishika ziwa tu, binti anajikunja na kulia tumbo. Mama yangu akasema chango. Mkandaji akasema hapana, ziwa linauita mji ujikaze, mvumilie, siku ya nne au ya tano yataisha. Na ndivyo ilivyo: mtoto anaponyonya mwili hutoa homoni ya oksitosini, inayoshusha maziwa na kuubana mji kwa pamoja, na kubanwa huko ndiko kunakopunguza damu. Kwa hiyo alimhimiza anyonyeshe, dang'a, yale maziwa ya kwanza, yote imwingie mtoto, isikamuliwe ikamwagwa kama ilivyokuwa ikifanywa enzi za bibi zetu. Maji ya vuguvugu kwa mtoto alikataa. Asali ya kulambisha alikataa pia, na hapo alinifurahisha, kwa sababu asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka inaweza kumletea sumu mbaya ya vimelea, na bado kuna nyumba nyingi hapa pwani asali ndiyo kitu cha kwanza kinachoingia kinywani mwa mtoto.

Sasa siku ya sita.

Usiku wake binti alitetemeka. Nilimfunika mablanketi mawili, nikajisemea maziwa yanapanda. Asubuhi mkandaji alipoingia, kabla hajakaa aliweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la binti, halafu shingoni. Akamfunua tumbo, akagusa mara moja tu, binti akapiga kelele. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nionyeshe pedi yako." Akaichukua, akaipeleka dirishani penye mwanga, akainusa. Nikamwona uso umebadilika. "Hii harufu si ya nifasi," yaani damu ya baada ya kuzaa.

Mama yangu akiwa kitandani kwake chumba cha pili alisikia, akasema kwa sauti ya mtu mzima anayejua: ni chango hilo, mkande vizuri na umfukize, jioni atakuwa mzima. Na mimi, nasema kweli, nilikuwa upande wa mama. Maji yalishachemka. Pesa za hospitali zilikuwa za kuokoteza. Mkandaji akaenda mpaka mlangoni kwa mama, akainama kidogo, akasema, "Dada yangu, nisamehe. Mwili huu leo siukandi." Akarudi, akafunga kanga yake kiunoni, akatoka nje mwenyewe kuita bajaji. Alikwenda nasi, mtoto akiwa mikononi mwake, na kule akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri.

Joto lilipimwa likawa 38.9. Daktari alisema ni maambukizi ndani ya mji. Pale kondo la nyuma linapong'oka hubaki kidonda kibichi, na vijidudu vikiingia pale havikai mahali pamoja, vinaingia kwenye damu. Alitundikiwa dawa za kuua bakteria, akalazwa siku tatu, mtoto akiendelea kunyonya ubavuni pake. Nesi aliuliza homa ilianza lini, nikamwambia usiku wa jana. Akasema, "Mmewahi." Neno hilo moja nilirudi nalo nyumbani likinizunguka kichwani, kwa sababu kama si yule mama pengine tungewahi kesho yake, au keshokutwa. Homa ya uzazi inaua. Iko pamoja na kutokwa damu nyingi na kifafa cha mimba kwenye mambo makubwa yanayowaondoa wazazi duniani, na inapoanza haina tofauti na uchovu na baridi ya kawaida.

Wiki mbili baadaye, tukiwa tunachambua mchele, nilimuuliza alijuaje. Akakaa kimya muda mrefu. Akaniambia kuwa akiwa kijana, anajifunza kazi, walimkanda mzazi mmoja mwenye homa siku mbili mfululizo, wakimfukiza na kumpa dawa ya chango, na yule mzazi hakuifikia arobaini yake. Tangu hapo ana mambo anayoyakataa, na mzazi yeyote anayemwita anamtajia siku ya kwanza. Mwenye homa hamkandi. Aliyepasuliwa hamgusi tumbo. Anayelalamika kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu anampeleka hospitali hata kama ana wiki nne tangu ajifungue, kwa sababu kifafa kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, ni bajaji. Na mguu mmoja ukivimba peke yake, una joto, unauma kwenye shavu la mguu, huo haukandi kwa pesa yoyote. Nilimwona kwa macho yangu akimkatalia jirani yetu aliyekuja na mguu wa namna hiyo. Alimwambia pale panaweza kuwa na damu iliyoganda, na ukiikanda inaweza kung'oka ikaenda mapafuni. Jirani alinuna, lakini alikwenda kupimwa.

Hayo ndiyo ninayomlipia. Mikono mizuri Tanga ipo mingi. Mkono unaojua pa kuishia ni wa kutafutwa.

Binti aliporudi, mkandaji hakuendelea pale alipoachia. Wiki nzima alimkanda miguu, mgongo na mabega tu. Tumbo aliliacha mpaka daktari aliposema sawa. Alimfundisha pia jambo ambalo mimi nilipozaa sikuambiwa na mtu, nikabaki na mkojo unaochuruzika kila nikipiga chafya kwa miaka. Alimwambia ajibane kule chini kama anayezuia mkojo, ahesabu mpaka tano, aachie, apumzike, arudie kumi, mara tatu kwa siku, akiwa amelala au ananyonyesha. Yeye anaita "kufunga mlango," kafundishwa na mama yake. Nimekuja kusoma kuwa daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandika mazoezi hayo mwaka 1948 na hospitali zinayafundisha hadi leo. Nimeyaanza na mimi kwenye cherehani. Mwezi wa tatu sasa, na chafya siziogopi tena.

Kwenye chakula nilitarajia ugomvi, maana mama yangu ana orodha ndefu ya miiko: maharage yanaleta gesi kwa mtoto, machungwa yanakausha maziwa, mboga za majani zinaleta baridi. Mkandaji aliruhusu vyote. Asubuhi uji wa mtama na pilipili manga na tangawizi, mchana wali na mchuzi wa samaki na mchicha, jioni supu ya kuku wa kienyeji, na chungwa juu yake. Vidonge vya madini chuma alivyopewa kliniki vikaendelea. Nesi ndiye aliyetusahihisha hapo: binti alikuwa anavimeza na chai, na chai huzuia mwili kuyachukua madini hayo. Tukahamishia kwenye maji ya machungwa.

Yapo nisiyoyapenda na nitayasema. Mkaja, kile kitambaa cha kufunga tumbo la mzazi, aliufunga mno. Siku ya tatu binti alikuwa anapumua juu juu, na kila akisimama anahisi uzito unamsukuma chini. Nilimwambia mkandaji, akasema ndivyo tumbo linavyorudi. Nikashikilia. Nilishamuuliza nesi, naye alisema kitambaa cha kumshikilia kiuno hakina ubaya kikiwa chepesi, kikibana sana kinasukuma mzigo kwenye nyonga ambazo bado ni legevu. Ukafungwa upya mpaka mkono wangu ukapita kati ya kitambaa na ngozi, na haukubanwa tena. Pili ni jiko la mkaa. Kwa kumfukiza mzazi aliliingiza chumbani na pazia limeshushwa, makaa mekundu yasiyo na moshi, akidhani moshi ndio wenye madhara. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na wapo waliolala nayo wasiamke. Nililitoa jiko uani. Mafusho yakawa ya sufuria ya maji ya moto, dirisha wazi, mtoto akiwa chumba kingine. Tatu ni wanja. Alitaka kumpaka mtoto kwenye nyusi na kope, kama tulivyopakwa sote. Wanja wa kusaga wa sokoni mara nyingi una madini ya risasi ndani yake, na mtoto anajisugua macho kisha anaingiza mkono mdomoni. Nilikataa, akasononeka kidogo, akaelewa. Namsifu hapo pia: ukimweleza jambo kwa adabu hakasiriki wala hakusemi mtaani.

Mimi mwenyewe nilianza kumwambia ya kwangu kwa bahati. Ilikuwa wiki ya tatu, nimeketi naye uani, ghafla joto likanipanda kutoka kifuani kwenda shingoni mpaka usoni, kama mtu kafunua chungu cha maji yanayochemka chini ya kidevu changu. Nikavua mtandio, nikajipepea na kifuniko cha sufuria. Akanitazama. "Umeanza lini?" Nikamwambia mwaka wa pili sasa. Nikamsimulia kisa cha gauni la harusi: satini nyeupe ya mteja, nimeinama kwenye cherehani nashona mshono wa kifua, jasho likadondoka matone matatu mfululizo, likaacha madoa yasiyotoka. Nililazimika kununua mita mbili nyingine kwa pesa yangu na kukesha nikikata upya. Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa, mume wangu akidhani naumwa malaria.

Aliniuliza hedhi ya mwisho lini. Miezi minane. Akasema bado sijakoma, mpaka mwaka mzima utimie bila kuona kitu, na ndivyo waganga wa hospitali wanavyohesabu pia: miezi 12 mfululizo. Wengi huingia humo kati ya miaka 45 na 55. Kisha akaniambia maneno niliyoyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: "Mwaka ukitimia, halafu siku moja ukaona damu tena, hata tone, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo." Damu baada ya kukoma inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, na ikiwahiwa inatibika.

Alianza kunikanda kila Alhamisi saa kumi jioni. Mabega, uti wa mgongo, nyayo. Nitasema lililo kweli: joto halikuondoka kwa kukandwa. Joto hilo linatokana na homoni zinazopungua, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, inatoa jasho pasipohitajika. Mafuta ya nazi hayafiki huko. Nilichopata kwake ni usingizi, na mtu wa kunisikiliza kwa saa nzima bila kuniambia ni uzee au ni mawazo. Yaliyopunguza joto ni mambo mengine: nimeacha kahawa ya jioni, nalala na dera la pamba tupu, natembea kila alfajiri kutoka Chumbageni mpaka Raskazone upepo wa bahari ukiwa bado mpole. Daktari ameniambia zipo pia dawa za homoni kwa anayezidiwa, na kwa kuwa nina presha tutaliangalia hilo kwa makini nikirudi kliniki. Mengine tuliyoyazungumza ni ya chumbani. Nitataja moja tu kwa faida ya wenzangu: ukavu na maumivu vina tiba, mwambie nesi, usijifungie na kumkwepa mumeo bila kusema neno.

Kabla ya kumpata yeye nilikuwa nimeshapita kwenye duka moja la dawa za asili mjini, nalo nalihesabu kwenye tathmini hii kwa kuwa lilikula pesa yangu. Muuzaji hakuniuliza umri. Hakuniuliza natumia dawa gani, na mimi nameza za presha kila siku. Alishusha chupa ya unga wa kahawia isiyo na karatasi, shilingi 35,000, akasema inatibu joto la ukomo, chango, uvimbe kwenye kizazi, presha, kisukari, na inampa mwanamke "utamu wa usichana." Kwa binti yangu mjamzito aliyekuwa amesimama nami akatoa kipande cha shabu, cha kuweka ndani baada ya kujifungua ili kubana. Shabu kwenye kidonda cha mzazi! Niliikataa ile, chupa nikainunua kwa sababu nilikuwa nimechoka kulowa usiku. Mkandaji nilipomwonyesha aliifungua, akanusa, akauliza kuna nini ndani. Nikasema sijui. Akaifunga. "Basi na mimi sijui, mwanangu. Usinywe." Nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na Baraza la kuwasajili watoa huduma na dawa zao. Uliza cheti, uliza kilichomo, uliza na nani asiitumie. Mwenye duka akikosa jibu la hilo la tatu, toka.

Hata viungo vya jikoni vina mipaka yake. Mama yangu ana kisukari, anameza vidonge, na shoga yake alikuwa amemletea uwatu wa kunywa kila asubuhi. Mkandaji aliona kikombe akauliza. Uwatu ni mzuri, wanawake wanaonyonyesha wanaunywa miaka yote hapa pwani, lakini unashusha sukari, na juu ya vidonge vya kisukari unaweza kuishusha kupita kiasi. Mama alikuwa ameanza kusikia kizunguzungu na tulidhani ni njaa. Tukauacha, tukamwambia daktari wake.

Mama alivunjika kifundo cha mkono mwaka juzi kwa kuanguka kidogo tu, hapo hapo mlangoni. Mifupa ya mwanamke hupungua uimara kwa kasi baada ya hedhi kukoma, na mara nyingi mtu hajui mpaka uvunjike. Mkandaji hamkandi mama kwa nguvu hata kidogo, anampaka mafuta miguuni kama anayempangusa mtoto. Akamtaka aote jua la asubuhi, ale dagaa wazima na vichwa na miiba yake, anywe maziwa. Halafu akaukunja mkeka wa mlangoni uliokuwa ukiteleza kwenye sakafu ya saruji na kuuweka kando. Tumeurukaruka mkeka ule miaka miwili na hakuna aliyefikiri kuuondoa.

Mtoto wa dada yangu alikuwa akijipitisha, anajifanya anachota maji. Siku ya ishirini na kitu mkandaji alimwita, wakakaa chini ya mpera. Sikuwafuata. Huyu mama ni somo pia, amewatunza wasichana wengi waliovunja ungo. Mtoto aliporudi aliniuliza pedi zinakaa wapi, na kama ni kweli kuwa akianza hatakuwa amekosea kitu. Kumbe kuna mtu shuleni alimwambia ni ugonjwa wa mabinti wenye tabia mbaya. Nililia jikoni, kwa kuwa mama yake hayupo na mimi nilikuwa naahirisha mazungumzo hayo. Wiki hiyohiyo nilimpeleka kuuliza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Gharama. Anatoza shilingi 7,000 kwa siku, kila siku mpaka siku ya ishirini, kisha siku moja anakuja na moja anaruka, hadi arobaini. Ijumaa haji. Kwetu alikuja mara 23, jumla 161,000. Siku ya hospitali, kutwa nzima kwenye lile benchi, hakuidai, na nilipomlazimisha alichukua nauli tu. Arobaini ilipotimia, mtoto ametolewa nje na binti kavaa dera lake la kijani nililomshonea, nilimpa mkandaji doti ya kanga na mafuta yaliyobaki. Chanjo za wiki ya sita alikumbusha yeye.

Anayemtaka amwambie mapema, mimba ikiwa na miezi minane, kwa sababu hashiki wazazi wawili kwa wakati mmoja. Mafuta, ndoo na kanga ni vyako. Anachelewa siku za mvua, kwani anatembea kwa miguu na magoti yanamsumbua. Ukikaa ghorofani mtumie bajaji, na mtu ashuke akamshike mkono kwenye ngazi.